Waya Uliokatwa kwa Mkasi

3 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumai barua hii inakukuta umeshakunywa chai na umekasirika kidogo. Siku ukiwa hujakasirika na jambo lolote ndipo mimi huingiwa na wasiwasi. Huku tu wazima. Mama anasema magoti yanamsumbua, lakini jana nilimkuta juu ya stuli anafuta vumbi dirishani, basi sijui ni magoti ya nani yanayosumbua. Mtoto mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na anaongea kama mzee. Kazini wametuletea mashine mpya ya kukaushia mashuka. Inanguruma mpaka tunaitana kwa mikono.

Sasa nije kwenye neno lililonikalisha mezani. Kifurushi chako kimefika Ijumaa. Nilifurahi, nikadhani ni zawadi ya watoto. Nikakata kamba, nikakuta mita yako ya kupimia umeme, chuma chako kizuri cha kulehemu, na zile bisibisi ndogo sita kwenye mfuko wa ngozi ambazo nikizigusa ulikuwa unanipiga vidole. Hakuna barua ndani, ila kikaratasi kimeandikwa, "Zitunze."

Mjomba, mimi nafua mashuka ya hospitali. Bisibisi za redio nitazitumia wapi? Mama amesema, "Kaka yangu kachoka, kaamua kupumzika, mwache." Mimi sikubali. Fundi anayepumzika huuza vifaa vyake kwa fundi mwenzake, tena kwa ubishi mkubwa, na siku ya mwisho hubadili mawazo. Hampelekei mtu asiyejua hata upande wa betri. Kuna jambo unanificha.

Nijibu. Na usinijibu kwa mzaha.

Mpwa wako,
Bi Maswali

17 Februari

Bi Maswali,

Marahaba. Mwambie dada yangu ashuke kwenye stuli. Mtoto mwambie meno yataota, asiwe na haraka, atayahitaji kwa kuwang'ata wajomba zake.

Macho yangu yamechoka, basi. Waya za redio za siku hizi ni nyembamba kama nywele, na redio zenyewe nani anazileta? Kila mtu ana simu, na simu hiyohiyo ndiyo redio, saa na tochi yake. Ndiyo maana sina simu na sitaki simu, na wewe utaendelea kununua stempu. Nimebandika karatasi mlangoni: SIPOKEI KAZI MPYA. Rafuni zimebaki redio thelathini na moja, kila moja na kikaratasi chake cha jina na ugonjwa. Nimebakiza chuma kimoja na bisibisi mbili, zinatosha kwa kazi zilizobaki. Nataka kila redio irudi kwa mwenyewe. Unakumbuka mdogo wetu alipofariki? Hatujafuta hata machozi, watu wamejaa uani wanadai redio zao alizoziacha zimefunguliwa. Ile aibu sitaki mtu aipate kwa ajili yangu.

Umeshauliza yako, sasa na mimi niulize. Huyu mama umemtuma lini?

Usijifanye hamnazo. Mama mmoja wa makamo, mrefu, miwani shingoni kwa kamba, ana redio ya kijani. Alikuwa mteja wa kawaida. Redio yake niliitengeneza mwezi uliopita, nikampa dhamana yangu kama ninavyompa kila mtu: kazi yangu ikirudi ndani ya mwezi naipokea bure, na mwezi unaanza upya. Karatasi ya mlangoni haihusiki, kwa sababu kazi iliyorudi si kazi mpya. Akaondoka. Baada ya siku sita akarudi. "Fundi, imenyamaza." Nikaifungua. Waya wa spika umekatika.

Mimi nimekaa na waya miaka thelathini na nane. Waya uliochoka wenyewe huacha nyuzi zisizolingana, moja ndefu moja fupi, na ncha zake huwa nyeusi. Ule ncha zake zilikuwa sawasawa, zinang'aa. Umekatwa kwa mkasi, Bi Maswali. Nikamtazama. Akanitazama. Nikaulehemu, nikamrudishia. Wiki iliyofuata akaja tena, "Fundi, imenyamaza." Mara hii alikuwa amekata waya wa kile kitaa kinachomulika namba. Redio inaongea vizuri kabisa, yeye anasema imenyamaza! Hata kazi ya kuharibu haijui.

Na anapokuja haondoki. Anakaa kwenye kiti cha wateja anatazama rafu kama mtu anayehesabu. Mpelelezi wa namna hiyo hawezi kutoka mbinguni. Mwambie arudi alikotoka.

Mjomba wako

28 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mama ameshuka kwenye stuli. Wote wazima, wanakusalimu.

Mama wa redio ya kijani simjui, sijamtuma, na sasa ameniweka roho juu. Mtu anayekata waya wa redio yake mwenyewe ili akae dukani kwa mzee anayeishi peke yake ana lake jambo. Huenda anakutazama una nini. Huenda anataka chumba, na akishakuzoea atakuletea karatasi uweke sahihi. Usiweke sahihi yoyote. Usimwambie unalala wapi wala ufunguo unauweka wapi. Tena ungemuuliza mshonaji wa mlango wa pili kama anamfahamu.

Halafu wewe nawe, Mjomba. Nimesoma barua yako mara tatu na haikunipendeza. Kila siku macho yamechoka, simu zimeua kazi, dunia imebadilika. Wenzako wangapi hawana hata hilo duka? Mshukuru Mungu. Jikaze. Toka nje, ukae na watu, ule vizuri, uache kufikiri mambo ya zamani. Mdogo wenu alikufa kwa homa, akapumzika, na ni miaka ishirini na tatu sasa. Mwanamume wa umri wako hapaswi kuongea kana kwamba anafunga virago.

Nimesema kwa sababu nakupenda.

Bi Maswali

2 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako ilifika siku nyingi. Asante kwa mahubiri.

Redio zimebaki tisa. Mwisho wa Juni rafu itakuwa tupu, na mimi nitakuwa nimemaliza.

Mama yule amerudi mara ya tano. Nilikitoa kiti cha wateja nje ili asikae, kesho yake akaja na kigoda chake mwenyewe kwenye mfuko. Hana maneno mengi. Anauliza, "Fundi, umeamkaje leo?" halafu ananyamaza. Nikimjibu "salama" anaendelea kunyamaza, ananitazama, mpaka najiona mwongo. Nimewahi kusikia kwamba polisi huwahoji watu hivyohivyo. Nimemwambia habari nyingine za nyuma ambazo sikukusudia, na baadaye nimejilaumu siku nzima. Ya ufunguo hajauliza. Mshonaji anasema hamjui, lakini alivyosema hivyo alikuwa anatazama cherehani, hakunitazama mimi. Nadhani nao wanajuana.

Redio yake ndiyo inayonichelewesha. Zile nyingine zikiisha ile bado itakuwa inarudi.

Usinunue stempu nyingi.

Mjomba

11 Aprili

Mjomba wangu, shikamoo.

Mama ameteleza bafuni wiki iliyopita. Mguu umevunjika chini ya goti, umefungwa plasta mpaka wiki ya pili ya Juni. Hali yake nzuri na mdomo wake uko palepale. Nakueleza hilo kwanza ili ujue kwa nini sikupanda basi siku ileile nilipoisoma barua yako. Nimempigia simu mshonaji wa mlango wa pili, namba nimeipata kwenye lebo ya ile suti ya harusi yangu. Nikamwomba akuite. Alirudi akasema, "Anasema ana kazi." Nilimsikia anahema, Mjomba, alikuwa anaona haya kwa niaba yako. Nimemwomba akupitie kila asubuhi kabla hajafungua. Sasa umeshajua, usimgombeze.

Pale kazini kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili, mmoja huku, mmoja kule. Anayekunja na mimi ni mama mmoja aliyewahi kuwa muuguzi wa wodi ya watu waliozidiwa na huzuni, akahamishiwa kwetu mgongo ulipomshinda. Nilimsomea barua zako. Nilipofika kwenye maneno niliyokuandikia mimi, jikaze, mshukuru Mungu, aliacha upande wake wa shuka ukaanguka. Akaniambia, "Umemfungia mlango mtu aliyekuwa anabisha." Nikakasirika. Halafu nikaenda chooni kulia. Nisamehe, Mjomba. Nilikuwa naogopa, na nikiogopa nagombeza, na tabia hiyo nimeirithi kwako.

Akanifundisha kwamba jambo hili haliulizwi kwa kuzungukazunguka, na kulitaja hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Basi naliuliza. Mjomba, unafikiria kujiua?

Nimechana karatasi mbili, lakini nimeliandika.

Nakuuliza pia kwa sababu ya Mjomba Mdogo. Niliandika alikufa kwa homa. Ndivyo tulivyofundishwa kusema. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Siku moja kabla, nilikuletea chakula dukani nikamkuta amekaa kwenye ngazi, mikono mitupu, jua lote usoni. Akanishika begi akasema, "Kaa na mimi kidogo." Nikasema wenzangu wananingoja tucheze. Sijawahi kumwambia mtu. Mambo ya homa sikuyaamini hata siku moja, na nadhani wewe unajua zaidi yangu.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, nimeifunga kwa gundi na kupiga mstari wa wino juu ya mfungo ili nijue ikifunguliwa. Ni ya mama wa redio ya kijani. Mpe. Usiisome.

Na usiniombe hili nilifiche. Siri nyingine zako zote nitazitunza, hii siwezi.

Bi Maswali

6 Mei

Mpwa wangu,

Mpe dada yangu pole ya mguu.

Swali lako nimeliona. Silijibu kwa posta.

Bahasha yako ipo mezani. Sijaifungua, sijampa. Sijui mmeandikiana nini nyie wanawake wawili ambao mnadai hamjuani. Mshonaji anapita kila asubuhi na kunitazama kama nguo inayotakiwa kupunguzwa. Nimezungukwa.

Zimebaki tatu, na ile ya kijani.

Mjomba

17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hukusema ndiyo, hukusema hapana. Mtu asiyefikiria jambo kama lile angeniandikia kurasa mbili za matusi. Nakujua.

Nimemwambia mama. Nilikuahidi sitaficha, sikuficha. Aliuweka mguu vizuri juu ya mto, akasema, "Tuliwaambia watu homa, kwa sababu mama yetu alituomba. Tukasema homa mpaka sisi wenyewe tukaiamini. Na tangu siku hiyo mjomba wako hajaniuliza chochote, na mimi sijamuuliza chochote." Akalia, Mjomba. Mama yangu! Unamjua, alizaa watoto wanne bila kutoa sauti. Anasema nikuandikie maneno haya kama alivyoyasema: "Mimi nimebaki na ndugu mmoja tu."

Plasta inatolewa tarehe kumi Juni. Tarehe kumi na tano tunakuja wote wawili, yeye na gongo lake. Nimepewa likizo, nilimwambia msimamizi ukweli na hakuniuliza la pili.

Mpaka siku hiyo usikae peke yako. Ukizidiwa, ingia kwa mshonaji uketi, hata usiposema neno, na yeye ataita msaada. Nimemwachia namba ya zahanati yenu. Mpe yule mama bahasha. Kama ni mbaya tutajua. Kwa sasa nakubali hata mtu mbaya, ilimradi yuko kwenye kigoda pembeni yako.

Nijibu upesi. Kila bahasha inayofika naishika kwanza kwa nje, naogopa kuona mwandiko usio wako.

Bi Maswali

3 Juni

Mpwa wangu mpenzi,

Mwandiko ni wangu. Kaa chini usome taratibu, nimechukua siku nne kuiandika.

Jumanne ya wiki iliyopita niliamka nikiwa nimeamua. Asubuhi ile nilikabidhi redio mbili za mwisho kwa wenyewe. Ikabaki ya kijani. Nikasema akija leo nampa, nampa na bahasha yake ya siri, nafunga duka na yanakwisha. Nilikuwa mtulivu, Bi Maswali. Mshonaji aliniona akasema, "Leo Fundi una uso mzuri." Alifurahi, masikini. Mimi mwenyewe nilishangaa jinsi nilivyokuwa mwepesi.

Akaja saa nne, na kigoda chake. Nikampa redio, nikampa bahasha. Akaigeuzageuza. "Sina miwani," akasema. "Nisomee."

Nikashuku papo hapo. Miwani yake naijua, hukaa shingoni kwa kamba. Siku hiyo kamba haikuwepo. Mpaka leo sijui kama ilikuwa mkobani, na nimemuuliza mara mbili anacheka tu. Nikamwambia imeandikwa kwako, nimekatazwa kuisoma. Akasema, "Mwenye barua ni mimi, na mimi nakuruhusu." Nikavunja mstari wako wa wino nikaanza kusoma kwa sauti, kwa haraka, kama mtu anayesoma tangazo.

Nayanakili hapa maneno yako, maana nadhani umeyasahau: "Mama, sikujui, na nimekushuku tangu mwanzo. Kama wewe ni mwizi, iba unachotaka, mimi sitakufuata, lakini ukimaliza kuiba kaa naye. Nadhani mjomba wangu anataka kufa. Mimi nilimwambia ajikaze na nimekosea. Wewe usimwambie hivyo. Usimhubirie, usimhesabie baraka zake. Muulize, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize, hata akichukua siku nzima. Yeye ndiye aliyenilea nilipofiwa na baba. Alinifundisha kusoma kwa vile vikaratasi vyake vya redio. Sina mwingine wa kumwomba."

Niliposoma "anataka kufa" sauti ilinigoma. Nikarudia neno, ikagoma tena. Ni kitu kigumu, mpwa wangu, kusoma habari zako mwenyewe kwa mdomo wako, mbele ya mtu, zikiwa zimeandikwa na mtoto uliyemfundisha kusoma. Nikamaliza hivyohivyo kwa kukwamakwama. Nikaikunja. Yule mama akasogeza kigoda karibu, akasema, "Mwanao ameniagiza nikuulize. Fundi, unataka kufa?"

Nikamwambia ndiyo.

Hakupiga kelele. Hakusema hapana usiseme hivyo. Alisema, "Haya. Nieleze." Na mimi nikalia, kwa sauti, mpaka mshonaji akasimamisha cherehani yake, akaja akasimama mlangoni na sindano mdomoni. Yule mama akamwashiria akae. Tukawa watatu.

Nimeongea tangu saa nne mpaka saa tisa. Nilieleza lile ambalo hata mama yako halijui. Siku ile ulipomkuta mdogo wangu kwenye ngazi alikuwa ametoka ndani kwangu. Aliingia akasema, "Kaka, nina neno." Meza ilikuwa imejaa. Nikamwambia lile ninalomwambia kila mtu anayeingia dukani kwangu, mafundi wote tunasema hivyo, midomo yetu imezoea: "Njoo kesho." Hakubisha. Akatoka akakaa kwenye ngazi, na mimi nikaendelea kulehemu. Miaka ishirini na tatu nimemwona akitoka mlangoni. Na kazi zilipoanza kupungua, meza ikiwa tupu, nikawa namwona zaidi. Nilimaliza kueleza nikasubiri anihukumu. Akauliza, "Redio ya nani ulikuwa unalehemu?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikakumbuka, nikamwambia, na nikashangaa kwamba nimekumbuka. Basi na wewe achana na lile begi. Ulikuwa mtoto, ulitaka kucheza.

Na yeye akasema yake. Mume wake alikuwa seremala. Mwezi mmoja kabla ya kujiua alirudisha kila kifaa alichoazima, akamaliza kila kiti cha mtu, akafagia karakana. Mtaa mzima ulimsifu. "Hata mimi nilimsifu," alisema, "nilimwambia siku hizi umekuwa mtu wa mpangilio." Alipoiona karatasi yangu mlangoni na rafu zinavyopungua, alijua. Hakuwa na maneno, na aliogopa akiniuliza nitamfukuza. Lakini alikuwa amenisikia nikisema kwamba kazi iliyorudi siikatai, na kwamba siondoki na kitu cha mtu kibovu. Basi kila nikimrudishia redio alikuwa anakwenda nyumbani anakata tena. Anasema, "Nilikuwa nanunua wiki mojamoja." Nikamwambia angalau angekata waya wa maana, kile kitaa kilinidharaulisha. Tulicheka, Bi Maswali. Sikuwa nimecheka tangu mwaka jana.

Hakutumwa na wewe. Hakutumwa na mtu. Nimejisumbua miezi mitano kutafuta njama, na njama yenyewe ilikuwa niishi.

Siku ileile walinipeleka zahanati, mmoja kila upande, kama mshukiwa. Kuna mshauri pale, kijana, anasikiliza vizuri ila kalamu yake inaniudhi. Naonana naye kila Alhamisi, na daktari amenipa dawa. Kile nilichokuwa nimekiweka tayari wamekichukua, hakipo tena kwangu. Mshonaji analala chumba cha mbele na anakoroma vibaya sana.

Sitaki nikudanganye kwamba yamekwisha. Jana asubuhi ilikuwa nzito, sikutaka kuinuka. Lakini nilimwambia mtu kwamba ni nzito, na yeye hakukimbia, na kufika mchana nikaweza kunywa uji. Mshauri anasema kwa sasa hiyo inatosha. Mimi naona ni kidogo, ila simbishii.

Mwambie dada yangu nimeyasikia maneno yake. Barua yako ya tarehe kumi na saba naiweka chini ya mto. Na lile neno homa tuliache, tukiwa sisi watatu tumtaje mdogo wetu kwa alivyokufa na kwa alivyoishi. Alikuwa mtu wa vichekesho, watoto wako hawajui hata kimoja.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Tarehe kumi na tano mkifika, usianze na habari za safari. Usinitazame mikono kwa kuibia, wala usinikague kama shuka. Lile swali lako, lile ulilochania karatasi mbili, uniulize tena kwa mdomo wako, mama yako akiwa amekaa hapo. Kwenye karatasi nimekujibu. Nataka nikujibu nikiwa nawaona, na nataka mniulize na siku nyingine pia, hata nikinuna, hata nikisema nina kazi.

Nawasubiri.

Mjomba wako